Usaliti si Istilahi ya Uhakiki: Malumbano ya Mashabiki wa Metali

Uhakiki wa sanaa hauanzii wala kuishia katika kumbi za vyuo vikuu. Palipo na hadhira inayoijua sanaa yake kwa undani, pana hukumu, ubishi na vigezo, hata kama vigezo hivyo havijaandikwa kitabuni. Mashabiki wa muziki wa roki, na hasa wa tawi lake la metali, ni mfano mwafaka wa hadhira ya aina hii. Tangu Black Sabbath, bendi ya Birmingham nchini Uingereza, itoe albamu yake ya kwanza mwaka wa 1970, wapenzi wa muziki huu wamekuwa wakilumbana kuhusu nani mwasisi wake, ipi metali halisi, na nani ameuacha mkondo. Makala haya yanadai kwamba malumbano hayo yana sura mbili ambazo hazina budi kutenganishwa. Yapo yanayochunguza kazi, na yapo yanayomhukumu msanii. Ya kwanza ni uhakiki. Ya pili ni kesi isiyo na ushahidi. Historia ya Metallica, bendi ya Marekani iliyoundwa Los Angeles mwaka wa 1981, inatosha kuidhihirisha tofauti hiyo.

Isidhaniwe kwamba swali la metali halisi ni la kipuuzi. Utanzu wowote ni mapatano baina ya fanani na hadhira: hadhira huja ikiwa na matarajio, na fanani huyatimiza, huyachezea au huyavunja. Mnamo 1989 tuzo za Grammy zilipoanzisha kitengo kimoja cha roki nzito na metali, ushindi ulikwenda kwa Jethro Tull, bendi iliyojulikana zaidi kwa filimbi ya kiongozi wake, huku Metallica ikiachwa. Mashabiki walipinga uamuzi huo vikali. Hoja yao ilikuwa ya kitanzu na ilikuwa na mashiko, kwani waamuzi walikuwa wamepima kazi kwa mizani isiyokuwa yake. Mwaka uliofuata kitengo hicho kiligawanywa viwili, na Metallica ikatuzwa katika metali.

Tatizo linajitokeza pale mapatano ya utanzu yanapogeuzwa kuwa kiapo cha utii. Albamu ya Metallica ya 1988 ilikuwa na nyimbo ndefu zenye mabadiliko mengi ya mapigo, baadhi zikikaribia dakika kumi. Ile ya 1991, inayobeba jina la bendi yenyewe na iliyosimamiwa na mtayarishaji Bob Rock, ilifupisha nyimbo, ikapunguza kasi, na kuupa uimbaji nafasi pana zaidi. Iliuzwa kwa mamilioni ya nakala. Kwa mashabiki wengi wa awali, huo ulikuwa usaliti.

Ni muhimu kuichunguza tarehe ya shtaka hilo, kwa kuwa haitulii mahali pamoja. Wako waliolalamika mapema mwaka wa 1984, bendi ilipouweka wimbo wa mwendo wa polepole, "Fade to Black", katika albamu yake ya pili. Wengine waliutaja mwaka wa 1989, bendi ilipotoa video yake ya kwanza. Wengine wanashikilia 1991. Na wengine 1996, wanamuziki hao walipojitokeza wakiwa wamekata nywele. Shtaka linaloweza kutolewa kwa sababu ya wimbo wa polepole, video, mauzo na hata kinyozi halielezi chochote kuhusu muziki. Linaeleza tu ni lini kila shabiki alijiunga na msafara, na ni lini alihisi kwamba umempita.

Msomaji wa fasihi ya Kiswahili hatashindwa kuitambua hali hii. Baada ya Euphrase Kezilahabi kuchapisha Kichomi mwaka wa 1974, wanajadi walikana kwamba tungo zisizofuata vina na mizani ni mashairi. Walikuwa na haki ya kuuliza utungo uliotupa urari wa vina umeweka nini mahali pake. Hilo ni swali la fani, na linajibika kwa kusoma. Lakini mjadala ulipoteza nuru kila mara ulipohama kutoka kwa shairi na kwenda kwa mtunzi: kama anazijua kanuni, kama ameuza urithi, kama ametekwa na Wazungu. Hakuna beti iliyowahi kufafanuliwa kwa njia hiyo.

Hata hivyo, mashabiki hao hao wa metali wameonyesha kwamba wanaweza kuhakiki kwa makini ya kuigwa. Mwaka wa 2008 Metallica ilitoa albamu ya Death Magnetic, na nyimbo zake zikapatikana vilevile katika mchezo wa kompyuta wa Guitar Hero. Wasikilizaji walizilinganisha nakala hizo mbili, wakaonyesha kwa michoro ya mawimbi ya sauti kwamba nakala ya albamu ilikuwa imebanwa na kupandishwa mno hata ngoma zikakwaruza, ilhali nakala ya mchezo ilikuwa na nafasi ya kupumua. Maelfu walitia saini ombi la kutaka albamu itayarishwe upya. Kazi waliyoifanya haina tofauti ya kimsingi na ya mhariri wa tenzi anayelinganisha miswada ya hati za Kiarabu ili aone mkono wa mnukuzi uliharibu wapi. Madai yao yangeweza kuthibitishwa au kukanushwa na yeyote mwenye masikio na nakala zote mbili.

Huenda ikajibiwa kwamba neno usaliti linataja jambo la kweli, yaani nguvu ya soko. Deena Weinstein, katika utafiti wake wa kisosholojia wa 1991 kuhusu metali, ameonyesha jinsi muziki huu unavyohusisha wasanii, hadhira na wapatanishi kama vile kampuni za kurekodi na redio. Hoja hiyo ni nzito. Lakini soko likiathiri sanaa, huacha alama ndani ya sanaa yenyewe: katika urefu wa wimbo, katika mpangilio wa kiitikio, katika sauti iliyobanwa ili isikike kubwa kuliko ya jirani. Mwenye kudai kwamba soko limeharibu kazi ana wajibu wa kuzionyesha alama hizo. Akishazionyesha, neno usaliti halimwongezei kitu, asipozionyesha, halimsaidii.

Funzo hili linawahusu pia wanafunzi wa uzamili, ambao baadhi yao huandika kurasa nyingi kuhusu uaminifu wa mwandishi kwa tabaka, dini au mwambao wake kabla ya kunukuu mstari mmoja. Shabiki aliyelinganisha nakala mbili za wimbo mmoja amewatangulia. Yeye alianza kwa kusikiliza.