Video za Nyimbo na Hadhira ya Watoto: Jicho la Fasihi Simulizi

Je, video za nyimbo zinazoonyeshwa katika runinga zinawafaa watoto wadogo? Swali hili aghalabu hujibiwa kwa hasira. Mmoja hulaani muziki wote wa vijana. Mwingine hudai kuwa mtoto haelewi kitu. Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, hebu tulitazame kwa jicho la fasihi simulizi.

Tunafunza darasani kuwa wimbo si maneno pekee. Una fanani, hadhira, mahali na wakati wake. Bembea humtuliza mtoto, hodiya huwatia wafanyakazi ari, nyiso huimbwa jandoni. Ieleweke kuwa jamii zetu hazikukosa nyimbo zilizotaja mapenzi na maumbile waziwazi. Za unyago zilifanya hivyo, na zilifunza. Lakini ziliimbiwa waliofikia rika la kuzisikia. Hilo ndilo pazia la kwanza lililomsitiri mtoto: hadhira teule.

Pazia la pili ni lugha yenyewe. Mtunzi wa taarab akitaka kusema ya chumbani hutumia jazanda: ndege, embe, chombo baharini. Mama huuimba wimbo huku akipepeta mchele, na mtoto aliye kando yake husikia habari za ndege tu. Fumbo litamfungukia akikua.

Video huyaondoa mapazia yote mawili. Runinga iko sebuleni na haiulizi umri wa anayeitazama. Isitoshe, yale ambayo maneno yaliyasitiri, kamera huyaanika. Mtoto wa miaka minne hahitaji kuelewa jazanda. Anakiona kiuno kinavyozungushwa, na kesho atakizungusha chake mbele ya wageni, nasi tumpigie makofi.

Mwaka wa 2019, Bodi ya Uainishaji wa Filamu nchini Kenya ilitangaza kuwa nyimbo "Wamlambez" na "Tetema" zisichezwe hadharani nje ya vilabu na baa. Wengi walicheka, wakasema kuwa kupiga wimbo marufuku ni kuutangaza. Huenda ni kweli. Hata hivyo, kifasihi, tangazo lile halikusema wimbo usiwepo. Liliuliza swali letu la kila siku: hadhira yake ni nani?

Tusiitupe picha kwa sababu hiyo. Katuni za Ubongo Kids, zilizoanza kuonyeshwa Tanzania mwaka wa 2014, hufunza hisabati kwa nyimbo za Kiswahili. Hizo zimeundwa zikimlenga mtoto. Tatizo basi si video, bali ni kumtwika mtoto utendaji uliokusudiwa watu wazima.

Niliwahi kuwatuma wanafunzi wa Kidato cha Pili wakusanye nyimbo za watoto kutoka kwa wadogo zao. Nilitarajia nyimbo za michezo na za kuhesabu. Madaftari mengi yalirudi na viitikio vya runinga. Hapo ndipo nilipotambua hasara yetu: utanzu mzima unahama nyumbani huku tukibishana kuhusu maadili.

Jibu langu ni kuwa nyingi haziwafai watoto, hasa wanapoachwa peke yao mbele ya runinga. Lakini kuizima hakutoshi. Aliyeizima sharti awe na wimbo wa kuimba mahali pake. Je, wewe msomaji, unakumbuka ngapi?