Namba Isiyoandikwa kwenye Boksi la Kamera

Ukilishika boksi la Nikon Coolpix P1000, namba inayokukabili kwanza ni 125. Ndiyo iliyoiuza kamera hiyo tangu ilipotangazwa Julai 2018 kwa bei ya karibu dola 1,000 za Kimarekani: zumu ya mara 125, kutoka milimita 24 hadi milimita 3000. Mrithi wake, P1100, alitangazwa Februari 2025 akiwa na lenzi ya vipimo vilevile, na badiliko linaloonekana upesi ni tundu la chaji la USB-C, ambalo kwa sheria ya Umoja wa Ulaya lilikuwa limeshakuwa la lazima. Kwa hiyo swali linaloulizwa na waongoza watalii, wapenzi wa ndege na vijana wanaotaka kupiga picha za wanyama bila kubeba lenzi yenye uzito wa mtoto mchanga bado ni lilelile: ninunue, nisinunue?

Jibu langu ni kwamba ile 125 isikuamulie chochote. Kuna namba nyingine, haipo kwenye boksi, lakini inapatikana kwa hesabu ya kugawanya mara moja. Hiyo ndiyo inayosema kamera itaona nini.

Tuanze na jinsi zile milimita 3000 zilivyopatikana, kwa sababu lenzi ya P1000 haina urefu huo. Tazama maandishi yaliyozunguka kioo chake cha mbele: 4.3–539mm, 1:2.8–8. Urefu halisi wa fokasi unaishia milimita 539. Kinachofanya kazi iliyobaki ni kihisi, kile kibamba kinachopokea mwanga. Fremu ya filamu ya zamani, ambayo bado ndiyo tunayolinganishia, ina milimita 36 kwa 24. Kihisi cha P1000 kina takriban milimita 6.2 kwa 4.6. Kinachukua kipande kidogo tu cha katikati ya picha ambayo fremu kubwa ingeipokea, na kipande hicho kikijaza kioo, kitu kinaonekana kimesogea mara 5.6 zaidi. Zidisha 539 kwa 5.6, unapata 3000 na kidogo. Hakuna udanganyifu hapo. Ni njia halali ya kihandisi, na bila hiyo lenzi ya namna hii ingehitaji gari la kuibeba. P1000 nzima, pamoja na betri, ina kilo 1.4.

Lakini kukata kipande cha katikati na kukikuza hakuongezi undani wa picha. Undani unatoka kwingine: kwenye upana wa tundu ambalo mwanga unapitia.

Hesabu yenyewe ni hii. Chukua urefu halisi wa fokasi pale zumu inapoishia, ugawe kwa namba ya f ya mwisho huohuo, ile ya mwisho katika 1:2.8–8. P1000: 539 kwa 8, jibu ni milimita 67. Nikon P900 ya mwaka 2015, na P950 iliyoifuata mwaka 2020 ikiwa na zumu ileile ya mara 83 inayofika milimita 2000, zinaishia 357 kwa 6.5: milimita 55. Canon SX70 HS, mara 65, inaishia 247 kwa 6.5, yaani 38. Sasa angalia Panasonic FZ300, ambayo zumu yake ni mara 24 tu na inafika milimita 600. Urefu wake halisi ni 108, lakini inabaki na f/2.8 hadi mwisho. Gawanya: 38 na nusu. Kamera ya mara 24 na kamera ya mara 65 zinautazama ulimwengu kupitia tundu la upana uleule.

Nyingine ya kushangaza zaidi ni Sony RX10 IV ya mwaka 2017. Inafika milimita 600 tu, na ilipotoka iliuzwa kwa karibu dola 1,700. Urefu wake halisi ni 220, f/4. Jibu: milimita 55, sawasawa na P900 inayojigamba kwa 2000.

Kwa nini tundu? Mwanga unapopita kwenye uwazi wowote hutawanyika kidogo kwenye kingo, na nukta moja ya mbali haifiki kwenye kihisi ikiwa nukta. Inafika ikiwa doa. Namba ya f ikipanda, doa linapanuka. Kwa f/8 doa hilo lina upana wa karibu maikromita 10.7. Pikseli moja ya P1000 ina upana wa maikromita 1.34. Doa moja linafunika pikseli nane kwa mstari mmoja! Zile megapikseli 16 zipo, zinahesabika, lakini zumu ikiwa imevutwa hadi mwisho sehemu kubwa yake inachora doa lilelile mara nyingi. Mtu anayekuza picha hiyo kwenye kompyuta na kuiona laini kama pamba hana kamera mbovu. Ameufikia ukomo wa fizikia, na hakuna fundi wa kuurekebisha.

Hapo ndipo tofauti kati ya P950 na P1000 inapojionyesha. Kwenye boksi, kutoka 2000 hadi 3000 ni ongezeko la nusu nzima. Kwenye tundu, kutoka 55 hadi 67 ni karibu asilimia 22. Unaongezewa undani wa asilimia 22 katika hali bora kabisa, na unaulipia kwa zaidi ya gramu 400 na kwa f/8 badala ya f/6.5. Mimi nisingefanya biashara hiyo.

Je, Sony na P900 ni sawa basi, kwa kuwa tundu ni moja? Hapana, na hapa lazima niitendee haki kamera ya bei nafuu. Pikseli za Sony ni kubwa, takriban maikromita 2.4, na kwa f/4 doa la mwanga ni dogo kiasi kwamba pikseli hizo haziwezi kulichora lote. Undani fulani unaoletwa na lenzi unapotea. P900 inauchukua. Kitu kikiwa mbali sana, kimetulia, na jua linawaka, Nikon itakuonyesha zaidi, hadi karibu maradufu. Ila maradufu hiyo iko mbali na mara tatu na zaidi ambayo 2000 na 600 zinakuahidi.

Tuipeleke hesabu hii sakafuni mwa Kreta ya Ngorongoro. Kule magari hayaruhusiwi kuacha barabara, na faru mweusi mara nyingi huwa mbali nayo. Tuseme yuko kilomita moja. Kwa milimita 600, picha yako inafunika upana wa mita 60, na faru mwenye urefu wa mita tatu na nusu anakuwa doa la kijivu kwenye nyasi. Kwa 2000 upana unashuka hadi mita 18. Kwa 3000, mita 12, na faru anachukua karibu theluthi moja ya picha. Mgeni aliyevuka bahari kuja kumwona faru atafurahi, na mwongozaji ataweza kumwonyesha pembe kwenye kioo cha nyuma. Hiyo ni faida ya kweli, na simu yenye lenzi ya tundu la milimita chache haiwezi kuitoa, hata programu yake ikichora manyoya kwa kubuni.

Tatizo ni hewa. Kwa nadharia, tundu la milimita 55 linaweza kutenganisha vitu vilivyoachana sentimita moja na kidogo kwa umbali wa kilomita moja. Saa sita mchana ardhi ikishachemka, hewa kati yako na faru inacheza, na kila tabaka la joto linapinda mwanga kivyake. Kingo za mnyama zinatetemeka kama anaonekana kupitia maji yanayotiririka. Hakuna lenzi inayoitibu hali hiyo, na kadiri unavyovuta ndivyo unavyoivuta pia hewa iliyochafuka. Wapiga picha wazoefu hufanya kazi za mbali asubuhi, ardhi ikiwa bado na ubaridi.

Na asubuhi mwanga ni haba. Jua la mchana, kwa ISO 100 na f/8, linakuruhusu kasi ya shata ya 1/400. Muda mfupi baada ya macheo mwanga unaweza kuwa sehemu moja ya thelathini ya ule. Ukitaka kubaki na 1/400, kasi ya chini kabisa kwa mnyama anayetembea, utapanda hadi karibu ISO 3200. Kihisi cha P1000 kina eneo la milimita za mraba 28. Fremu kamili ina 864, mara thelathini zaidi. Chembechembe zitakazojaa kwenye picha hiyo ya asubuhi unaweza kuzikadiria mwenyewe. Kinga ya mtikisiko, ambayo Nikon inasema inaokoa hatua tano, inasaidia sana mkono wako: kwa milimita 3000 unaweza kushuka hadi karibu 1/100 badala ya 1/3000. Mguu wa duma haujui habari za kinga hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo matangazo hayaligusi. Simba wengi wa Serengeti hawapigwi picha kwa umbali wa kilomita moja. Wako mita thelathini kutoka kwenye gari, na unahitaji milimita 400 au 600. Ukiirudisha P900 hadi 600, urefu wake halisi unakuwa karibu 107. Hata tukiikadiria kwa ukarimu f/4, tundu limebaki milimita 27, wakati Sony kwa 600 ileile ina 55. Maradufu ya upana ni mara nne ya mwanga. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni moja: picha zako nyingi ni za umbali gani?

Mtu wa ndege wa pwani, anayesimama Mida Creek maji yakitoka na kutaka kumtambua sululu aliyeko upande wa pili wa tope, anunue P950 kwa moyo mkunjufu. Mtu wa mwezi pia. Kwa 2000 ya kamera hiyo mwezi tayari ni mkubwa kwenye fremu, ingawa ni kwa 3000 ndipo unapoijaza juu hadi chini. Anayetaka simba wa alfajiri na ndege warukao, kama pesa ipo, achukue kamera yenye kihisi cha inchi moja, kama ile RX10 IV. Na asiye na pesa hiyo lakini ana mabega, atafute mwili wa DSLR uliotumika na lenzi ya 150–600 f/6.3, kama zile za Tamron au Sigma. Gawanya 600 kwa 6.3: milimita 95. Hakuna kamera ya lenzi isiyobanduka niliyoitaja inayoisogelea, ingawa lenzi peke yake inakaribia kilo mbili.

Vumbi lisisahaulike. Watu husema kamera isiyobadilishwa lenzi haiingii vumbi. Lakini bomba la P1000 linaporefuka na kurudi linavuta na kutoa hewa kama pampu, na mwili wake haukuzibwa dhidi ya vumbi. Likishaingia, huwezi kulipuliza. Ni kufungua lenzi nzima. FZ300 na RX10 IV zimezibwa, na kwa barabara ya vumbi ya Serengeti, kutoka Naabi hadi Seronera, hilo peke yake linatosha kunishawishi. Betri nazo: P1000 imekadiriwa picha 250 kwa chaji moja. Panga bajeti ya betri tatu, na mfuko wa mchele wa kulazia kamera kwenye paa la gari, injini ikiwa imezimwa.

Ukienda kununua iliyotumika, usiijaribu ndani ya duka. Itoe nje, vuta hadi mwisho, elekeza kwenye maandishi ya bango lililo mbali, piga picha kadhaa ukiwa umeiegemeza mahali, kisha rudisha zumu na uvute tena mara nyingi ukisikiliza kama mota inakwaruza. Piga anga tupu la buluu na utafute madoa yasiyohama. Kama ni P900 au P950, piga maandishi yale pia kwa 1000, kisha linganisha ya 2000 na ya 1000 baada ya kuyakuza yalingane ukubwa. Kama ya 2000 hayasomeki vizuri zaidi, lenzi imehama mahali pake au imeingia uchafu, na bei yoyote utakayotajiwa ni kubwa mno.