Shahidi na Mpimaji

Kitabu cha ufundi hupimwa kwa swali moja: je, mwanafunzi akiachwa peke yake, kitabu kimemwezesha kujua kama amepatia au amekosea? Kwa kipimo hicho nimesoma vitabu viwili vya Kimarekani juu ya shabaha. Cha kwanza ni Sixguns cha Elmer Keith, kilichotoka mwaka 1955. Cha pili ni The Bullet's Flight from Powder to Target cha daktari Franklin Mann, cha mwaka 1909.

Keith (1899–1984), mfugaji na mwindaji wa Idaho, alikuwa bingwa wa kujijazia risasi za rivolva, ile bastola ya vyumba vinavyozunguka. Ganda lililokwisha kutumika hutiwa fataki mpya, baruti iliyopimwa na kichwa kipya. Kichwa alichokibuni yeye kina ncha bapa na bega kali litoboalo tundu safi katika karatasi ya shabaha. Tena alishikilia kwamba mkanda wake wa mbele uwe na unene kamili, ili kiingie mtutuni kikiwa kimenyooka. Hoja hiyo ina msingi. Katika rivolva, kichwa cha risasi hupita koo la chumba, kisha huruka mwanya mdogo kabla ya kushika mtutu. Koo likiwa pana mno, kichwa huyumba na moto wa baruti hukipenya ubavuni. Likiwa jembamba kuliko mtutu, hubanwa kikafika mtutuni kimekwisha kupungua unene. Basi atakaye shabaha njema aanze kwa kupima makoo, ndipo achague risasi.

Mpaka hapo Keith ni mwalimu mzuri, na lugha yake ina uhai. Kasoro yake ni ushahidi. Mara nyingi hoja zake husimama juu ya kisa: yeye alikuwapo, alifyatua, akapiga. Mashuhuri ni kisa cha kulungu aliyekwisha kujeruhiwa, ambaye Keith alisema alimpiga kwa rivolva ya .44 Magnum umbali wa yadi 600, baada ya risasi za mwanzo kukosa. Simkanushi. Lakini mwamba ngozi huvutia kwake, na kisa kimoja, hata kikiwa cha kweli, hakimwambii msomaji risasi ipi ni bora kuliko ipi.

Mann aliulaza mtutu wa bunduki juu ya egemeo zito ili mkono wa mtu usiingilie matokeo. Kisha akaharibu vichwa vya risasi kwa makusudi, vingine nchani, vingine kitakoni. Vya kwanza havikupotea sana. Vya pili vilitawanyika. Alibadili jambo moja, mengine akayaacha vile vile. Ni kweli kitabu chake ni kikavu na habari zake ni za bunduki ndefu. Mwanafunzi mvivu hatakimaliza.

Hata hivyo, tukiupeleka utaratibu wa Mann kwenye rivolva ya Keith, kosa moja la kawaida linaonekana mara. Wafyatuaji wengi hupima kwa risasi tano, ilhali rivolva nyingi zina vyumba sita. Ni kama mkaguzi kuihukumu shule ya madarasa sita baada ya kukagua matano. Tena katika hizo tano, moja ikienda kando, mwenyewe husema mkono ulitetemeka, akaiondoa katika hesabu. Huenda mkono hauna hatia. Chumba ndicho chenye kasoro. Dawa ni kuvipa vyumba namba na kufyatua kila kimoja mara kadhaa kwenye karatasi yake, kabla ya kubadili baruti au risasi.

Wala hili si suala la matundu ya karatasi tu. Katika miaka ya 1920 Keith mwenyewe alipasua bastola ya .45 kwa risasi alizozijaza, na hakuficha. Shinikizo alilikisia kwa kutazama fataki na ganda. Vitabu vya leo vya makampuni ya baruti hulipima kwa mitambo. Anayeiga kipimo cha zamani kwa sababu tu bingwa alikitumia, ameweka rehani macho na vidole vyake.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: Keith asomwe, kwani hutia hamu ya kujifunza, na hamu ni nusu ya elimu. Ila asisomwe peke yake. Msomaji awe na Mann mkono wa pili, na daftari tupu mbele yake.