Mtoaji, Mpokeaji na Uso: Uhakiki wa Istilahi za Upandikizaji

Utaalamu wa kupandikiza sehemu za mwili umeingia nchini kabla lugha yetu haijajiandaa vya kutosha kuupokea. Mwezi Novemba 2017 figo ilipandikizwa kwa mara ya kwanza nchini katika Hospitali ya Taifa Muhimbili. Machi 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata. Ughaibuni walikwisha kufika mbali zaidi: tarehe 27 Novemba 2005, mjini Amiens, Ufaransa, mwanamke mmoja alipandikizwa pua, midomo na kidevu vya mwanamke aliyefariki. Makala hii haikusudii kufundisha utabibu, bali kuyapima maneno yanayotumiwa kuueleza.

Mizani yetu ni sikio la mkulima wa Ufipa. Tuchukue mfano wa familia iliyo kijijini, nje ya Sumbawanga, ambayo figo za kijana wao zimeshindwa kazi. Ndugu zake wataitwa wapimwe, watasomewa fomu ya ridhaa, kisha watatia saini au dole gumba. Neno likiwapotosha hapo, kosa si la sarufi tu: watakuwa wameridhia jambo wasilolijua.

Neno kupandikiza halina kasoro kubwa. Mkulima hung'oa mche kitaluni, akaupeleka penye udongo mwingine, kisha akangoja kuona kama utashika. Yeye hahitaji mkalimani kuelewa kwamba figo nayo yaweza kushika au kukataliwa.

Ama neno mfadhili, linalosikika mara kwa mara, halifai. Mfadhili ni mwenye uwezo amsaidiaye asiye nacho. Ndiyo maana tumeyaita hivyo mataifa yatupayo misaada. Anayetoa figo hapungukiwi na ziada, hupungukiwa na sehemu ya mwili wake. Isitoshe, fadhila huzaa deni, na deni huzaa masimango; na wahenga walikwisha kusema kuwa fadhila za punda ni mateke. Haifai kuuingiza ugomvi huo baina ya ndugu wawili. Mchangiaji nalo hufaa kwa damu, ambayo wengi huichanga pasipo kumjua atakayeipata. Kwa figo, mtoaji na mpokeaji ndiyo maneno mepesi na ya kweli.

Lililo baya kupita yote ni kuvuna viungo. Hii ni tafsiri ya neno kwa neno, nayo imesahau inakosomwa. Jina Sumbawanga lenyewe hufasiriwa kuwa ni agizo la kutupa uchawi. Hata hivyo, mwaka 2013 na 2015 watu wenye ualbino mkoani Rukwa walishambuliwa na kukatwa mikono. Mahali pa namna hiyo, afisa anayesimama mbele ya wanakijiji na kutaja “kuvuna viungo” atawakimbiza, nao watakuwa na haki ya kukimbia. Tena mvunaji huvuna alichopanda, na daktari hakupanda kitu katika mwili ule. Tuseme kutoa figo, au kuondoa figo, na kila sehemu tuitaje kwa jina lake.

Sasa tuje kwenye kufananisha mtoaji na mpokeaji. Mapacha wasiotoka katika yai moja waweza kufanana kama shilingi kwa ya pili, na tishu zao zisipatane. Watoto wa baba mmoja na mama mmoja wana nafasi moja tu kati ya nne ya kurithi alama zile zile za tishu. Daktari hutazama kundi la damu, alama hizo, na kama damu ya mpokeaji ina kingamwili za kuishambulia tishu ya mtoaji. Hamfananishi mtu na mtu, wala hawapatanishi. Anapima kama miili yao yapatana. Kwa hiyo twapendekeza kupima upatanifu.

Kwa upasuaji wa uso, kufananisha kunapata nafasi yake, lakini ni kazi ya pili: baada ya upatanifu hutazamwa rangi ya ngozi, umri, jinsia na ukubwa wa uso. Maneno mawili kwa kazi mbili, mfasiri asiyachanganye.

Vilevile kupandikiza sura si sahihi. Uso ni ngozi, misuli, neva na mishipa. Sura ni namna mtu aonekanavyo. Uso wa marehemu ukitandazwa juu ya mifupa ya mtu mwingine, sura inayotokea si ya marehemu kamili wala si ya mpokeaji wa zamani. Kinachopandikizwa, basi, ni uso. Familia ya marehemu ikiambiwa kwamba “sura” ya mtoto wao imetolewa, itatazamia kukutana naye njiani.

Limebaki jambo moja gumu. Marehemu huyo tumwite mtoaji? Huenda hakutamka neno lolote, na waliokubali ni jamaa zake. Twapendekeza mtoaji hai kwa yule anayetoa mwenyewe, mtoaji marehemu kwa aliyeacha idhini, na waridhiaji kwa jamaa walioamua kwa niaba yake. Fomu isiyowatenga hawa watatu huficha ni nani hasa aliyekubali.

Wafasiri na walimu wanaombwa kuyapima mapendekezo haya, si ofisini peke yake, bali pia barazani, mbele ya watakaotakiwa kutia dole gumba.