Kuijua Ndege Njema ya Faiba Kabla Haijaruka

Kutoka Dar es Salaam hadi Ifakara, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita 320. Mwaka 1992 ndege ndogo iitwayo AR-5, iliyobuniwa na kuundwa na Mmarekani Mike Arnold, iliweka rekodi ya dunia ya kasi katika daraja la ndege zisizofika kilo 300: kilomita 343 kwa saa. Kwa mwendo huo, mtu angetoka Dar na kuiona Ifakara kabla saa moja haijatimia. Injini iliyoisukuma ilikuwa ya nguvu za farasi 65 tu.

Anayetaka kujifunza kupima ubora wa ndege ya kujiundia aanzie kwenye hesabu hiyo. Upinzani wa hewa hukua kwa kipeo cha pili cha kasi, na nguvu ya kuushinda hukua kwa kipeo cha tatu. Ukitaka kuongeza kasi maradufu kwa kutegemea injini peke yake, utahitaji nguvu mara 8, pamoja na mafuta ya kuilisha na uzito wa kuibeba. Arnold aliupunguza upinzani wenyewe, mpaka ndege nzima ikawa inapingana na hewa kama ubao bapa usiofika sehemu ya kumi ya mita moja ya mraba. Kasi ile ilitoka kwenye umbo.

Umbo la namna hiyo huja kwa urahisi zaidi kwenye faiba: vitambaa vya nyuzi za kioo au kaboni vilivyoloweshwa gundi ya epoksi na kugandishwa juu ya povu gumu au ndani ya kalibu. Faiba hupinda pande mbili kwa wakati mmoja bila kulalamika, jambo ambalo bati la alumini hulikataa. Lakini ina hatari yake. Ndege ya bati huonyesha ribiti zake zote, na ribiti mbovu huonekana. Ndege ya faiba huficha kila kitu chini ya rangi. Ndiyo maana mnunuzi, mwanafunzi wa ufundi au rubani anayealikwa kupanda anapaswa kujua pa kuangalia.

Kwa watu wa bonde la Kilombero, ulipo mji wa Ifakara, habari hizi haziko mbali. Makao makuu ya mkoa wao, Morogoro, yana kampuni ya Airplanes Africa Limited inayounganisha ndege ndogo za Skyleader. Mwaka 2019 vijana wa Afrika Kusini waliunganisha ndege ya Sling 4 kutoka kwenye vipande vya kiwandani, ikaruka kutoka Cape Town hadi Cairo. Aina hizo mbili miili yake kwa sehemu kubwa ni alumini, ila zinathibitisha kwamba mikono ya huku inaiweza kazi hii. Faiba inadai jicho la aina nyingine.

Simama mbali kwanza

Usikimbilie chumba cha rubani. Rudi nyuma hatua kadhaa, uitazame ndege kwa ubavu, kisha kutoka juu kama kuna ngazi. Watu wengi husifia pua iliyochongoka, na hapo ndipo wanapokosea. Mvuvi wa mto Kilombero anajua kwamba mtumbwi uliokatwa butu nyuma huburuta maji hata ukichongwa vizuri namna gani mbele. Hewa nayo hutoza ushuru wake mkubwa mwishoni mwa umbo. Tazama jinsi mwili unavyopungua kuelekea mkia. Ukisinyaa ghafla, hewa itabanduka na kuacha vurugu nyuma yake. Ukipungua taratibu, kwa mkunjo mmoja usiovunjika, mbunifu aliielewa kazi yake.

Kisha tazama pale bawa linapokutana na mwili. Hapo mikondo miwili ya hewa hugombana, na mbunifu mzuri huipatanisha kwa mkunjo laini unaopanuka kadiri unavyokwenda nyuma. Mwisho, angalia tundu la hewa ya kupozea injini. Tundu kubwa kupita kiasi ni upinzani wa bure. Tundu dogo lenye njia laini ya kuingilia, na mlango wa kutokea uliopangwa vizuri, ni dalili ya mtu aliyefuatilia hewa mpaka ndani.

Mwanga na kiganja

Sasa sogea. Washa taa ndefu, au ngoja jua la jioni, ulaze mwanga sambamba na bawa. Taswira ya taa juu ya rangi inatakiwa kwenda kama uzi ulionyooka. Ikitetemeka, kuna mawimbi. Weka rula ndefu kutoka ukingo wa mbele kwenda nyuma, kisha utafute nafasi chini yake. Theluthi ya kwanza ya bawa ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote, kwa sababu hapo hewa inaweza kuteleza kwa matabaka yaliyotulia, na wimbi dogo tu linatosha kuyavuruga.

Pitisha kiganja ukiwa umefumba macho. Kiganja husikia mabonde ambayo jicho husamehe. Pitisha pia kucha kwenye viungo: mlango, mfuniko wa injini, ukingo wa kioo cha rubani. Mwanya sawa kila mahali unasema fundi alipima. Mwanya unaopanuka na kubanwa unasema alilazimisha.

Sarafu, tochi na pua

Uzuri wa nje unaweza kununuliwa kwa puti. Kwa hiyo chukua sarafu, ugonge bawa taratibu kila baada ya sentimita chache. Faiba iliyoshikana na povu lake hutoa sauti kavu, fupi, inayofanana hatua kwa hatua. Sauti ikigeuka ya kidebe, pana na yenye kulegea, tabaka limebanduka au kuna hewa ndani. Weka alama hapo, uulize.

Omba uone sehemu isiyopakwa rangi, kama ndani ya mkia au nyuma ya kiti. Mulika tochi kutoka upande wa pili. Faiba ya kioo iliyolowa vizuri hupitisha mwanga sawasawa. Madoa meupe ni nyuzi zilizokosa gundi au viputo vya hewa. Uso unaong'aa kama umemwagiwa asali una gundi iliyozidi: inaongeza uzito bila kuongeza nguvu, kwa kuwa mzigo hubebwa na nyuzi. Kazi njema huonyesha ufumaji wa kitambaa waziwazi, na nyuzi zimenyooka. Uzi uliopinda kwenye mhimili wa bawa hupoteza nguvu nyingi unapobanwa, na upande wa juu wa mhimili hubanwa kila ndege inaporuka.

Pua nayo ina kazi. Harufu kali kama ya karakana ya boti za faiba ni ya polyesta, gundi ya bei nafuu. Kwa boti inafaa. Katika ndege iliyoundwa juu ya povu la polistirini haifai hata kidogo, kwani huliyeyusha. Petroli pia hulila povu hilo, kwa hiyo uliza tangi la mafuta limejengwa kwa povu la aina gani.

Mizani haidanganyi

Muulize fundi ndege yake ina uzito gani, kisha uliza alijuaje. Aliyepima huweka mizani tatu chini ya magurudumu matatu na kukuonyesha hesabu ya kitovu cha uzito. Fundi wa daraja la juu huenda mbali zaidi: alipima kila kipande kilipoganda, na tena baada ya puti na rangi. Bawa linaloongezeka kilo kadhaa kati ya vipimo hivyo viwili lilitoka kwenye kalibu likiwa limepinda, likanyooshwa kwa puti.

Shika pia eleroni na usukani wa mkia. Zinatakiwa kuwa nyepesi, bila mchezo kwenye bawaba, na zimesawazishwa kwa risasi mbele ya bawaba. Katika ndege ya kasi, usukani uliozidi uzito nyuma unaweza kuanza kupepea, na mpepeo huo huvunja mkia kwa sekunde chache. Ndege iliyopakwa rangi upya bila kusawazishwa upya, usiipande.

Jua, mvua na wadudu wa bondeni

Ndege inayosifiwa mahali pengine bado haijapimwa kwa Kilombero. Epoksi iliyoganda kwa joto la kawaida la karakana huanza kulegea kwenye nyuzijoto 60 hadi 80, kutegemea aina yake, na bawa jeusi juani linaweza kufika huko. Ndiyo sababu mbunifu Burt Rutan, ambaye ndege zake za VariEze ya 1975 na Long-EZ ya 1979 ziliwafundisha mafundi wengi kukata povu kwa waya wa moto na kulivika faiba, alisisitiza rangi nyeupe. Ukiona ndege ya faiba yenye mabawa ya bluu nzito, uliza epoksi yake ilipikwa kwa joto gani baada ya kuganda.

Unyevu wa masika una madhara yake. Hewa ikiwa na maji mengi, baadhi ya epoksi hutoa utando kama nta juu ya uso. Tabaka linalofuata likiwekwa juu ya utando huo halitashika. Fundi anayeijua kazi huosha kwa maji, hupiga msasa, ndipo huendelea. Muulize hufanya nini kabla ya kuweka tabaka linalofuata, bila kumpa jibu.

Mvua hubadilisha hata mruko. Bawa dogo la mbele la ndege za mwanzo za Rutan lilipoteza sehemu ya nguvu ya kuinua liliponyeshewa, pua ikashuka, mpaka mtaalamu wa maumbo ya mabawa, John Roncz, alipobuni umbo jingine lisilojali matone. Wadudu waliogandamana kwenye ukingo wa mbele hufanya madhara ya jamii hiyohiyo. Katika bonde ambalo Taasisi ya Afya Ifakara imejijengea jina kwa utafiti wa mbu, bawa linalohitaji usafi wa kioo ili liruke salama ni bawa lisilofaa. Wadudu wapunguze kasi kidogo, wasiguse usalama.

Uwanja wa kutua

Ifakara iko chini, karibu mita 250 juu ya usawa wa bahari, lakini joto la nyuzi 35 hulegeza hewa kiasi kwamba ndege huhisi iko mita 1,000 hivi. Itakimbia zaidi kabla ya kuinuka. Bawa dogo linalopendeza angani hudai kasi kubwa ya kutua, na kiwanja cha udongo kilicholowa hakitoi nafasi ya kufunga breki. Pima umbali kati ya ncha ya propela na ardhi. Angalia kama vifuniko vya magurudumu vinafunguka kwa urahisi, kwa maana tope la mfinyanzi likijaa ndani, gurudumu hukwama. Mbunifu aliyekubali kupoteza kilomita chache za kasi ili apate matairi makubwa amelifikiria bonde hili.

Daftari la fundi

Kipimo cha mwisho kiko mezani. Omba daftari. Liwe na tarehe ya kila tabaka, joto na unyevu wa siku ile, uzito wa gundi na wa kigandishi. Uwiano wa epoksi haubahatishwi: kuongeza kigandishi ili kazi iishe haraka hudhoofisha gundi milele. Uliza kuhusu vipande vya majaribio, vilivyogandishwa pamoja na bawa halisi kisha vikavunjwa makusudi. Uliza bawa lilibebeshwa mzigo gani. Ndege ya kilo 300 ikipimwa kwa mara 3.8 ya uzito wake, kiwango cha kawaida cha ndege ndogo, mabawa yake mawili yanatakiwa kustahimili zaidi ya kilo 1,100, sawa na magunia 11 ya mpunga ya kilo 100, yakarudi mahali pake bila mlio. Kisha uliza karatasi za Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Fundi akikuwekea mbele daftari lililochakaa, vipande vilivyovunjika na picha za bawa likiwa na mifuko ya mchanga, mpe heshima yake, hata kama rangi ya ndege yake haijaiva. Yule mwenye injini kubwa na rangi inayometa tu, mwenye majibu ya mdomo bila maandishi, mshukuru kwa muda wake, uondoke kwa barabara.