Féminité du Bois: tusihukumu kwa dakika ya kwanza

Dada yangu mkubwa anayeishi Bruxelles alinitumia kichupa kidogo cha Féminité du Bois, mililita 5 tu. Nilijipulizia siku ile ile, nyumbani Kamalondo. Rafiki yangu tuliyemaliza naye masomo akaninusa mkono, akacheka: "Weye, unanuka kabati ya kambo!" Nikaenda kunawa. Naandika haya juu alikosea, na mimi pia nilikosea.

Kwanza historia kidogo. Marashi haya yalitoka mwaka 1992 kwa jina la Shiseido, kampuni ya Japani. Mwenye wazo ni Mfaransa Serge Lutens, mtu aliyeipenda Marrakech na miti ya mwerezi ya Moroko. Waliochanganya ni Pierre Bourdon na Christopher Sheldrake. Tangu 2009 yanauzwa kwa jina la Lutens mwenyewe. Wakati ule harufu ya mbao ilikuwa mambo ya wanaume, mwanamke alipewa maua. Wao wakaweka mwerezi katikati kabisa, na jina lenyewe likasema wazi: uanamke wa mbao.

Sasa tuje kwenye ngozi. Dakika kumi za kwanza ni viungo: mdalasini, karafuu, iliki, tangawizi kidogo. Ni kama mtu amefunua sufuria ya chai mbele yako. Nyuma ya viungo unasikia mbao kavu, na hapo njo watu wanakimbia. Lakini harufu nyepesi huruka kwanza, nzito hubaki nyuma, na joto letu la mwezi wa kumi linaharakisha mambo. Muuzaji wa barabarani anajua hilo: anakupulizia, unanusa, unalipa. Umenunua dakika moja.

Baada ya nusu saa linaingia tunda la plamu lililoiva sana, pamoja na maua: waridi na violeti. Harufu ya violeti ina ujanja wake. Inachosha pua haraka, unadhani imekwisha, kisha unageuza mkono na iko pale tena. Hii njo sehemu ninayoilaumu. Tunda lina sukari mingi; kwenye ngozi yangu linakuwa konfitiri juu ya moto. Kwa saa nzima mwerezi umefichwa, na nilijiuliza kama watengenezaji waliogopa jambo walilolianzisha wenyewe.

Hawakuogopa. Kwenye saa ya tatu sukari inatulia, mwerezi unarudi, safari hii laini, una nta ya nyuki ndani yake, na karafuu imebaki kwa mbali sana. Ile kabati ya kambo haipo tena. Ni ubao uliopigwa randa asubuhi, ungali na joto la mkono wa fundi.

Joto hilo nalijua. Papa yangu ni fundi wa mbao. Miaka mitano ya iniversite nilikuwa nakung'uta unga wa mbao kwenye nguo mbele ya kupanda basi, kisha najimwagia marashi ya sukari, wenzangu wasijue natoka nyumba gani. Siku ile nilipokwenda kunawa mkono, hicho ndicho nilichokuwa nanawa. Na kule Paris watu wanalipa pesa nyingi ili wanuke vile.

Sisemi mununue. Bei yake si ya mtu anayezunguka na diplome akitafuta kazi. Nasema hivi: marashi yoyote, hata ya sokoni, muyaweke kwenye ngozi, si kwenye karatasi. Mwende shughuli zenu, mrudi kunusa kisha saa tatu. Ndipo mseme mazuri ao mabaya. Mimi haya nayapa heshima kubwa kwa mwanzo na mwisho wake, katikati nayavumilia.

Juzi nilijipulizia asubuhi nikaenda kukaa na papa kwenye atelie mpaka mchana. Alipita karibu yangu, akasimama, akanusa.

"Leo ulishika mbao gani?"

"Mwerezi, papa."

Akafikiri kidogo. "Ile hatuna hapa," akasema, akarudi kwenye randa yake.