Taa ya Kichwani

Bwawa la umeme la Nzilo liko jirani, pale Lualaba, lakini hapa kwetu Kapata umeme hukatika vilevile. Ukikatika, mara nyingi mwanga wa kwanza barabarani ni taa ya kichwani ya mchimbaji anayetoka shimoni. Duara dogo jeupe linaruka juu ya vumbi, linagusa ukuta wa matofali, linauacha. Akikugeukia humwoni tena. Unaona jua dogo lisilo na uso. Mpaka aseme "Jambo, mama" ndipo moyo unatulia.

Ndiyo maana naipenda The Descent, filamu ya Mwingereza Neil Marshall ya mwaka 2005. Wanawake sita wanaingia pangoni, na njia inaporomoka nyuma yao. Mapango yale yalijengwa studio, Pinewood, ambako mpiga picha Sam McCurdy angeweza kutundika taa popote. Akajizuia. Mle pangoni mwanga unaonekana kutoka tu kwenye vitu walivyobeba wanawake wenyewe: taa za kofia, vijiti vya mwanga wa kijani, mienge myekundu ya dharura.

Kujizuia huko kuna hesabu kali. Giza tupu halitishi, ni kioo cheusi tu. Lazima pawe na mwanga kidogo ili giza lipate kona na kina. Tena taa ya kichwani hufuata shingo. Mwigizaji akigeukia kushoto, kulia kote kunafutika, nasi tumefutiwa pamoja naye. Mwenge mwekundu ukiwaka, mwamba unageuka nyama mbichi. Kijiti cha kijani kinampa rafiki uso wa maiti. Halafu wanawasha kamera ndogo inayoona gizani, na kumbe kuna kiumbe, kimesimama nyuma ya mmoja wao.

Jaribu nyumbani kwa mshumaa. Uweke chini ya kidevu cha ndugu yako: kivuli cha pua kinapanda kuelekea kwenye paji la uso. Tangu tuzaliwe jua limetuonyesha nyuso kutoka juu, kwa hiyo uso uleule uliokula nao ugali unakuwa wa mgeni. Sogeza mshumaa pembeni, nusu ya mtu inaondoka. Mwongozaji Murnau alilijua hili mwaka 1922: katika filamu yake Nosferatu, kinachopanda ngazi ni kivuli chenye vidole virefu, na kinatosha. Filamu nyingi za uchawi tunazotazama huku humwagia mchawi taa ya buluu mpaka nyuzi za vazi lake zinahesabika. Inaniuma, maana giza zuri tunalo, tena la bure.

Watazame wachimbaji wawili wakisalimiana usiku. Kila mmoja anainamisha taa yake chini kwa kidole, asimchome mwenzake machoni. Mwanga unagonga udongo mwekundu, unarudi juu ukiwa laini, na nyuso mbili zinatokea.